Uchovu wa Metali (2): Kasi ya Ufa Yapatiwa Hesabu

Januari 10, 1954, ndege ya abiria aina ya Comet iliyokuwa ikitoka Roma kwenda London ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba. Wote 35 waliokuwamo walikufa. Aprili 8 ikafuata nyingine, karibu na Naples, na watu 21 wakapotea.

Watafiti wa Farnborough, Uingereza, waliuzamisha mwili wa Comet nyingine katika tangi, wakawa wanaujaza maji kwa shinikizo na kulipunguza, mchana na usiku, kuiga kupaa na kutua. Ilipotimiza zaidi ya safari 3,000, za kweli na za kuigwa, bati lilipasuka karibu na kona ya kidirisha. Hakuna safari hata moja iliyoizidi nguvu ndege hiyo. Kilichoiua ni marudio.

Basi ufa mdogo huchukua muda gani hadi uue? Msingi wa jibu linalotumika sana hadi leo ulitolewa mwaka 1961 na Mmarekani Paul Paris na wenzake. Majarida makubwa yalilikataa andiko lao, likaishia katika jarida la Chuo Kikuu cha Washington. Kukataliwa huko kulikuwa kosa, kwa sababu wazo lao lilizaa mlinganyo mfupi wenye nguvu ya ajabu:

da/dN = C(ΔK)^m

Upande wa kushoto ni urefu unaoongezeka kwenye ufa kila mkazo unapopanda na kushuka mara moja. ΔK hupima ukali wa badiliko hilo la mkazo kwenye ncha ya ufa. C na m hupatikana maabara. Kwa metali nyingi, m huwa kati ya 2 na 4. Ikiwa m ni 3, kuongeza badiliko la mkazo maradufu hufanya kasi ya ufa iwe mara 8. Tena ufa ukirefuka, ΔK nayo hupanda, hivyo mwendo huzidi kushika kasi.

Wahandisi hujumlisha hatua hizo, kuanzia ufa mdogo kabisa unaoweza kugunduliwa hadi ule wa kuvunja, kisha hupanga ukaguzi ufanyike zaidi ya mara moja katika kipindi hicho.

Hata hivyo, mlinganyo huu hufuata ufa mmoja. Aprili 28, 1988, ndege ya Aloha Airlines iliyokwisha kuruka mara 89,680 ilipoteza sehemu ya paa lake ikiwa angani Hawaii, baada ya nyufa nyingi ndogo kuungana kwenye mstari wa ribiti. Mhudumu mmoja alikufa. Hesabu ya nyufa zinazoungana ndiyo mada ya wiki ijayo.