Kigari cha Mtoto: Angalia Shingo Kabla ya Rangi

Karibu mama unayetusikiliza huku unanyonyesha, karibu baba, na karibu nyanya uliyeachiwa mjukuu mama yake akienda kazini. Leo tutazungumza juu ya kigari cha mtoto, kile ambacho wengine wenu mnakiita pramu.

Siku hizi vigari hivi ni vingi. Utavipata madukani mjini, utavipata kwenye mitumba, na pengine utaletewa kimoja na jamaa aliyekuwa ng'ambo. Mama akifika sokoni huangalia rangi, kitambaa na bei. Si vibaya. Lakini mimi kama muuguzi wa jamii nakuomba uanze na maswali mawili. La kwanza: je, shingo ya mtoto wangu imekaza? La pili: je, njia ninayopita kila siku iko namna gani? Ukishayajibu hayo, rangi utachagua mwenyewe.

Je, ni lazima ununue?

Hapana. Mtoto hadhuriki kwa kukosa kigari. Leso yako bado ni kibebeo kizuri sana. Mtoto akibebwa mgongoni mapaja yakiwa yamepanuka na magoti yamepanda kama ya chura, nyonga zake hukaa mahali pake. Anasikia joto lako na sauti yako. Kwa hivyo ikiwa pesa za kigari ndizo pesa za chakula ama za kwenda kliniki, ziache kwa chakula na kliniki.

Hata hivyo kigari kina faida. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, mama mwenye maumivu ya mgongo, mama wa pacha, ama nyanya ambaye nguvu zimepungua, wote hawa kigari huwapunguzia mzigo. Jambo la muhimu ni kuchagua kile kinachomfaa mtoto uliye naye leo, si mtoto atakayekuwa mwaka ujao.

Shingo ya mtoto

Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa na kizito akilinganishwa na mwili wake, na misuli ya shingo bado ni dhaifu. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Umewahi kuona mpira wa kumwagilia maji ukikunjika? Maji hukatika mara moja. Mtoto mchanga akiketishwa wima, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa hujikunja vivyo hivyo. Na mtoto wa namna hiyo mara nyingi halii, kwa sababu kulia kunahitaji hewa. Mama anayemtazama hudhani amelala vizuri.

Ndiyo maana mtoto ambaye hajaweza kukaa anahitaji kigari ambacho kiti chake hulala chali kabisa, kama kitanda. Hapa kalenda ya chanjo itakusaidia kukumbuka. Unapokwenda kliniki mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, mtoto huyo ni wa kulala chali ndani ya kigari. Anapofikisha kama miezi 6, shingo imekaza na ameanza kukaa, ndipo unaweza kuinua kiegemeo. Watoto hawalingani, kwa hivyo tazama mtoto wako, usitazame wa jirani.

Ukiwa sokoni, laza kiti hadi mwisho kisha kikandamize kwa kiganja. Kikiwa kimebaki kama kiti cha kuegemea, hicho si cha mtoto mchanga. Usijaribu kukirekebisha kwa mto ama kwa kukunja blanketi nyuma ya kichwa. Mto husukuma kichwa mbele zaidi, na mtoto anaweza kufunikwa uso.

Ukiona mtoto kidevu kimegusa kifua, anapumua kwa sauti ya kukoroma, mbavu zinaingia ndani, ama midomo inabadilika rangi kuwa ya samawati, mtoe mara moja na umnyooshe. Hata akirudia hali yake, mpeleke hospitali achunguzwe. Asiporudi upesi, hiyo ni dharura. Usingoje gari la jirani litoke kazini.

Jambo jingine. Ikiwa mtoto amefikisha miezi 4 na shingo bado inalegea, usitafute kigari cha kumshikilia kichwa. Mlete kliniki. Na wewe mama uliye na mtoto mkubwa ambaye bado hawezi kukaa kwa sababu ya ulemavu, kigari cha kawaida kinaweza kumkunja mgongo. Uliza hospitalini watu wa mazoezi ya viungo. Wao watakupimia kiti kinachomfaa. Usimfiche nyumbani.

Njia unayopita

Sasa tuangalie barabara. Kigari chepesi kinachokunjwa kama mwavuli kilibuniwa na Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege, mwaka 1965. Ni kizuri kwa mama anayepanda matatu ama anayeishi ghorofa isiyo na lifti, kwa kuwa unakikunja kwa haraka na kukibeba kwa mkono mmoja. Lakini magurudumu yake ni madogo. Kwenye changarawe yatakwama, na kwenye matope ya msimu wa mvua ndogo utakibeba kigari pamoja na mtoto. Tena vingi vya aina hiyo havilali chali, kwa hivyo ni vya mtoto aliyekwisha kukaa.

Njia yako ikiwa ya udongo na mawe, tafuta magurudumu makubwa na fremu imara. Kitakuwa kizito, lakini hakitapinduka kwa kila jiwe. Kabla ya kulipa, chukua kamba upime upana wa mlango wa nyumba yako, kisha upime kigari. Wako akina mama walionunua kigari kizuri, wakafika nacho nyumbani, kikalala nje.

Kumbuka pia moshi. Mtoto ndani ya kigari yuko chini, karibu na mahali magari yanapotoa moshi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza walieleza kwamba mtoto aliye kwenye kigari anaweza kuvuta hewa iliyochafuka kwa hadi asilimia 60 zaidi ya mzazi wake. Kwa hivyo kiti kilichoinuka ni bora kuliko kile kinachokaribia ardhi. Na ukiweza, pita njia ya ndani badala ya kando ya barabara kuu.

Wakati wa kuvuka, usisahau kwamba kigari hukutangulia. Magurudumu huingia barabarani kabla hujaona pikipiki inayokuja. Simama nyuma ya ukingo, geuza kigari ubavu, angalia pande zote mbili, ndipo uvuke.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Haraka haraka haina baraka. Muuzaji akikuharakisha, mwambie utarudi. Beba pakiti tano za unga za kilo 2, ama uazime mzigo wa uzito huo hapo sokoni. Uweke ndani ya kigari kisha ufanye hivi:

Kwanza, breki. Kifikishe mahali penye mteremko, funga breki, kishike kidogo kisha uachilie. Kikisogea, kiache.

Pili, mikanda. Mikanda iliyo salama ni ya sehemu tano: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja unaopita katikati ya miguu. Mkanda wa tumboni peke yake haumzuii mtoto kuteleza chini na kunaswa shingo. Funga na ufungue mara kadhaa. Ikiwa kifungo kimevunjika na muuzaji amefunga kamba, hiyo kamba si mkanda.

Tatu, loki na bawaba. Kikishafunguliwa, loki lazima ilie na kukaza, kisha kisikunjike ukikitikisa. Chunguza mahali vyuma vinapokutana. Mnamo Novemba 2009 vigari kama milioni moja vya kampuni ya Maclaren vilirudishwa nchini Marekani baada ya ripoti 12 za watoto kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba. Kampuni ilitoa vifuniko vya kuziba mahali hapo. Ukikuta cha aina hiyo ambacho bawaba zake ziko wazi, usinunue. Na kwa kigari chochote, mtoto awe mbali unapokikunja na kukikunjua.

Nne, magurudumu na fremu. Sukuma kwa mkono mmoja, kisivute upande. Tafuta kutu, nyufa na mahali palipochomelewa upya. Fundi anaweza kubadilisha tairi ama kukaza skrubu, lakini loki iliyovunjika haitibiki kwa waya.

Tano, lebo. Vigari vingi vimeandikwa uzito wa mwisho, mathalani kilo 15. Mpime mtoto kliniki na ulinganishe. Ukiona pia alama ya EN 1888, hiyo ni nambari ya kanuni za usalama za Ulaya.

Kikishafika nyumbani, toa kitambaa, kifue kwa maji moto na sabuni, kisha ukianike juani. Fremu ipanguse kwa sabuni, na uangalie mishono na mashimo ya vyuma; kunguni hupenda kujificha hapo.

Familia inapokua

Mama mwenye mtoto wa miaka miwili na mwingine mchanga huniuliza, "Sista, ninunue cha watoto wawili?" Jibu langu ni kwamba si lazima. Unaweza kumbeba mchanga kifuani kwa leso, uso wake ukiuona na kidevu kikiwa kimeinuka, na yule mkubwa akakaa kwenye kigari ulicho nacho. Kwa pacha wachanga hali ni tofauti: viti vyote viwili lazima vilale chali. Chenye viti vya kukaa sambamba ni kipana. Chenye viti vya mbele na nyuma hupita mlangoni lakini huwa kirefu na kigumu kukigeuza. Ndugu mkubwa asining'inie mbele wala asisimame mahali pa kuwekea miguu. Vilevile usitundike mfuko wa viazi kwenye mshikio. Siku utakapomtoa mtoto, kigari kitaanguka nyuma. Na kikianguka mtoto akiwa ndani, kichwa ndicho hutangulia.

Kigari si kitanda wala yaya

Hata kigari kizuri kina mipaka. Usimlaze mtoto humo usiku. Akilala njiani, mkifika nyumbani mhamishie kitandani, chali. Wakati wa jua tumia paa la kigari na kivuli cha mti. Usikifunike kwa shuka ama leso pande zote, kwa kuwa hewa haipiti na joto hupanda upesi ndani. Gusa shingo na kifua chake: akiwa na jasho, mpunguzie nguo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asifungiwe zaidi ya saa 1 kwa wakati mmoja, iwe ni kwenye kigari ama mgongoni mwa mama. Anahitaji mkeka. Akiwa macho, mlaze kwa tumbo mkiwa mnatazamana, kidogo kidogo, hadi jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku. Hapo ndipo shingo hukaza.

Basi mama mwenzangu, nikumbushe kwa ufupi. Mtoto ambaye hajakaa, chali. Magurudumu yalingane na njia. Breki, mikanda na loki vijaribiwe kabla pesa hazijatoka mkononi. Na macho yako yawe kwa mtoto, si kwa kigari. Ukiwa na shaka, kisukume hadi kliniki siku ya chanjo na mtoto akiwa ndani. Muuguzi atakiangalia bila malipo.

Kwa leo naishia hapo. Mfikishie ujumbe huu jirani ambaye hana redio. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii. Kwaheri.