Elimu jumuishi (sehemu ya tatu): Mwalimu wa fildi asiachiwe darasa

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulifuata safari ya elimu maalumu nchini, tangu shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na ile ya viziwi ya Tabora, mwaka 1963, hadi Tamko la Salamanca la Juni 1994 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Katika miaka hiyo fikra ilihama. Zamani mtoto alipelekwa mbali kuifuata shule inayomfaa. Sasa shule ya jirani ndiyo inayotakiwa ijipange kumpokea. Leo tuyaache matamko tuingie darasani pamoja na mtu asiyetajwa sana katika mijadala hii: mwalimu wa fildi, yaani mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha.

Tumweke Mlali. Ukitoka Morogoro mjini kwa Barabara ya Iringa unaingia kushoto Sangasanga, unapita Mzumbe, na Uluguru inakuja kukukabili. Mlali iko chini ya milima hiyo, wilayani Mvomero, kwenye njia ya magari yanayoshusha mboga za Mgeta. Mwanachuo wetu, tuseme ni binti wa Kagera anayesomea elimu maalumu, anafika Julai na begi lake na jalada la maandalio ya masomo. Nimemtunga, lakini mkufunzi yeyote aliyewahi kuzunguka shuleni kukagua wanachuo atamtambua.

Mwalimu mkuu anampokea vizuri. Mwalimu wa darasa la tatu anampokea vizuri zaidi: "Karibu sana, mwalimu. Watoto ndio hawa, kitabu ni hiki, tumeishia kwenye sehemu. Mimi nipo ofisini." Basi. Kuanzia hapo hadi siku ya kuondoka, binti anasimama peke yake mbele ya watoto wanaozidi sana 45, idadi ambayo serikali inasema inamtosha mwalimu mmoja.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mwenye darasa. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu huyo ana vipindi vya darasa la tano, ana madaftari yanayomsubiri, ana zamu. Mwanachuo akija, kwake ni nafuu. Hata hivyo kuna kitu kinapotea hapo, nacho ndicho kiini cha makala ya leo: kwa wiki sita au nane, darasa la kijijini lilikuwa na walimu wawili, tena mmoja wao kasomea elimu maalumu. Tumewageuza kuwa mmoja.

Kufundisha kwa pamoja, walimu wawili darasa moja kipindi kimoja, si jambo geni duniani. Marekani ilipopitisha sheria ya mwaka 1975 iliyotaka watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana, mwalimu wa elimu maalumu alianza kuhamia darasa la kawaida, na swali likawa: wawili hawa wafanye nini? Wataalamu wa elimu maalumu wa huko, Marilyn Friend na Lynne Cook, waliorodhesha njia sita, na vyuo vingi bado vinazifundisha. Sitazipitia zote. Ile inayopendwa zaidi, mmoja afundishe na mwingine azunguke akisaidia, ndiyo dhaifu kuliko zote ikigeuzwa mazoea, kwa sababu humfanya mmoja wa walimu kuwa kiranja mwenye mshahara.

Iliyo bora kwa wiki ya kwanza ya mwanachuo huonekana kama uvivu. Mwenye darasa afundishe. Mgeni akae nyuma na karatasi yenye majina, aandike anachokiona. Yupo anayegeuza sikio lilelile kila mwalimu anapozungumza. Yupo anayesoma kitabuni bila taabu lakini ubaoni hunakili kutoka kwa jirani. Huyo huenda haoni mbali. Mwingine anajua jibu kwa mdomo ila kalamu haimtii. Mwingine huduwaa kwa sekunde chache, akirudi hajui wenzake wamefika wapi, na adhabu anayopewa ya "kutosikiliza" inaweza kuwa inaangukia kifafa. Mwalimu anayeandika ubaoni amewapa watoto mgongo. Mambo haya hawezi kuyaona, hata awe hodari vipi.

Wiki ya pili wagawane darasa nusu kwa nusu, kundi moja libaki ndani, jingine litoke chini ya mwembe. Somo ni lilelile, sehemu, na machungwa yanakatwa nusu na robo kila mahali. Watoto wakiwa nusu, yule mwenye usikivu hafifu anamkaribia mwalimu bila kutengwa, na mwenye ualbino anapata kivuli, mradi akumbukwe kofia anapotoka nje.

Hatari iko kwenye njia ya kikundi kidogo, pale mwalimu mmoja anapochukua watoto wachache pembeni kuwarudia somo. Inafaa, lakini wakiwa ni walewale kila siku, kufikia Ijumaa darasa zima limeshawapa jina. Shule nyingi zenye kitengo cha elimu maalumu zinaujua ugonjwa huu: mtoto anaitwa "wa kitengo" hata akiwa uwanjani. Hakuna haja ya kujenga kitengo kingine ndani ya darasa. Kikundi kibadilike, na siku nyingine kichukue wanaojua zaidi.

Yapo pia asiyoyajua mwanachuo. Binti wa Kagera anaweza kuandika barua "kwa baba wa mtoto" akashangaa hapati jibu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti katika mambo ya mtoto. Mwenye darasa anajua ni mlango upi wa kubisha, na anajua pia kwamba wiki ya kupanda usimtafute mtu nyumbani. Mmoja ana mbinu, mwenzake ana habari za watoto. Ukiwatenganisha kwa ukuta wa ofisi, kila mmoja anabaki na nusu.

Kizuizi kikubwa, kwa maoni yangu, ni karatasi. Andalio la somo lina safu ya shughuli za mwalimu na safu ya shughuli za wanafunzi, hatua kwa hatua, kuanzia utangulizi. Mwalimu humo ni mmoja. Mkaguzi kutoka chuoni naye ana fomu inayompima mtu mmoja: sauti yake, ubao wake, anavyolimudu darasa. Akikuta wawili atauliza ni nani anayefundisha, na mwanachuo anayetaka alama atamwomba mwenzake atoke.

Chuo Kikuu cha Jimbo cha St. Cloud, Minnesota, kililigusa jambo hili miaka ya 2000. Kilimwacha mwalimu mwenyeji abaki darasani na mwanachuo muda wote, wapange pamoja na wafundishe pamoja. Takwimu za miaka minne zilizochapishwa mwaka 2010 zilionyesha watoto wa msingi katika madarasa hayo wakifanya vizuri zaidi katika kusoma na hisabati kuliko wale walioachiwa mwanachuo peke yake. Minnesota si Mlali, najua. Walimu wa kule hawafundishi darasa lililofurika hivi. Ila walichobadilisha hakikuhitaji jengo wala bajeti ya madawati.

Hapa kwetu mtu angeanza na kalamu na rula: aigawe safu ya shughuli za mwalimu mara mbili, mwalimu A na mwalimu B, na kila hatua ya somo ioneshe nani yuko wapi katika kila dakika ya kipindi cha dakika 40. Chuo kiongeze mstari mmoja kwenye fomu ya mkaguzi, kwamba angalau ukaguzi mmoja uwe wa somo lililofundishwa na wawili. Muda wa kupanga ni mgumu zaidi. Nusu saa baada ya mchana, mara mbili kwa wiki, ndicho kiasi ninachoona mwalimu mwenye zamu anaweza kukitoa.

Septemba binti ataondoka, na mwenye darasa atabaki peke yake kama mwanzo. Mwembe hautagawanya darasa tena. Ile karatasi ya majina, hata hivyo, itakuwa mezani kwake, na mtoto wa sikio moja atakuwa ameshahamishiwa dawati la mbele. Nani ampime, na kituo cha upimaji hupatikanaje, ni suala la sehemu ya nne.