Mzigo Umerudi, Siyo Uliotumwa

Machi 2025 jaji Valerie Caproni wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliamua kwamba StockX, soko la mtandaoni lenye makao yake Detroit, linawajibika kwa kuuza jozi 37 za viatu feki vya Nike. Jozi nne zilinunuliwa na Nike wenyewe walipokuwa wakichunguza. Nyingine 33 zilinunuliwa na mteja mmoja. StockX haikuwa gulio la kila mtu kumwaga anachotaka. Biashara yake ilisimama juu ya ahadi kwamba muuzaji hamtumii mnunuzi kiatu moja kwa moja: anakipeleka kwanza kwa wakaguzi wa kampuni, na wakishakipitisha ndipo kinaendelea na safari. Jozi zote 37 zilipita mikononi mwa wakaguzi hao.

Nike iliifikisha StockX mahakamani Februari 2022, na Mei mwaka huo ikaongeza dai la viatu feki. Kesi ikiwa bado inaendelea, StockX ilibadilisha lebo yake: maneno yaliyosema kiatu ni halisi yakaondolewa, yakabaki ya kusema kimekaguliwa na kampuni. Baadaye mwaka 2025 pande mbili zikamaliza shauri kwa makubaliano. Ukaguzi ni maoni ya mtu mwenye uzoefu anayeangalia mshono, gundi, boksi na namba zilizo ndani ya ulimi wa kiatu, huku viatu vingine vikimsubiri mezani. Mtu huyo anaweza kukosea.

Hayo yanawagusa pia vijana waliokulia Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, pamoja na wale waliokulia kambi za Nyarugusu na Nduta kabla ya kuhamishiwa Kentucky, Texas au Ohio, ambao baada ya zamu kiwandani huuza viatu, simu na nguo mtandaoni. Ndugu zao waliobaki Kitahana, wilayani Kibondo, nao wananunua na kuuza, ila soko lao ni WhatsApp, Instagram na basi la mkoani. Ugomvi unaowakuta ni uleule. Mnunuzi anasema alicholetewa sicho, muuzaji anaapa kwamba ndicho, na kila mmoja anataka fedha ibaki upande wake.

Kwenye eBay muuzaji anaruhusiwa kuandika kwamba hapokei bidhaa ikirudishwa, na wauzaji wapya hujificha nyuma ya maneno hayo wakidhani wako salama. Hawako salama. Mnunuzi akidai kwamba alichopokea hakilingani na maelezo ya tangazo, dhamana ya eBay inampa siku 30 tangu mzigo ufike kufungua madai, na muuzaji ana siku tatu za kazi kuyajibu. Nauli ya kuurudisha mzigo inamwangukia muuzaji. Akikaa kimya kwa sababu alikuwa zamu ya usiku au hakuelewa Kiingereza cha ujumbe ule, mnunuzi anaiomba kampuni iingilie kati, na fedha inakatwa kwenye akaunti yake. Aliyelipwa kupitia PayPal anabaki na wasiwasi kwa muda mrefu zaidi, maana huko mnunuzi ana siku 180 tangu siku ya malipo. Koti lililouzwa Januari linaweza kuleta madai Juni.

Linalowaumiza wauzaji kuliko yote ni kubadilishiwa mzigo. Simu nzima imetumwa, boksi linarudi na simu ya aina ileile iliyopasuka kioo. Viatu vipya vimetumwa, vinarudi kopi. Namba ya ufuatiliaji inaonyesha kwamba mzigo umetoka kwa mnunuzi na umefika kwa muuzaji, lakini haijui kilichomo ndani ya boksi. Hapo yanabaki maneno ya huyu na maneno ya yule, na anayesikilizwa ni mwenye picha za kabla na baada. Wauzaji wazoefu hurekodi video moja bila kuikata: kitu chenyewe kikigeuzwa pande zote, namba yake ikisomeka, kikiingia kwenye boksi, gundi ya karatasi ikibandikwa, na lebo ya posta ikionekana juu yake. Mzigo ukirudi wanarekodi tena kuanzia boksi likiwa bado limefungwa.

Ndiyo maana huduma ya ukaguzi, pamoja na udhaifu ulioonekana kwenye kesi ya StockX, inamlinda muuzaji kuliko wengi wanavyodhani. eBay ilianza kukagua saa za bei kubwa mwaka 2020, ikaongeza viatu mwaka huohuo, na mwaka 2021 ikainunua idara ya ukaguzi ya Sneaker Con. Kiatu kikipita, kinafungwa kitambulisho. Mnunuzi akitaka kukirudisha, na muuzaji anakubali marejesho, hakirudi moja kwa moja kwa muuzaji. Kinarudi kwanza kwa wakaguzi, wanaangalia kama ni kilekile na kama kitambulisho bado kipo. Kitambulisho kikikatwa, marejesho yanakataliwa. Ujanja wa kubadilisha unakwamia hapo.

Malalamiko yapo upande huu pia, na ni ya haki. Kiatu halisi kinaweza kukataliwa kwa sababu tangazo halikusema kwamba boksi limechanika, au picha hazikuonyesha doa la kisigino. Mkaguzi hapimi uhalisi peke yake. Anapima pia kama maneno ya tangazo yanalingana na kitu kilicho mbele yake. Muuzaji aliyezoea kuandika mistari miwili na kuweka picha moja atarudishiwa viatu halisi na kupoteza mauzo, kisha atadhani ameonewa. Kuandika kasoro zote, hata ndogo, kunapunguza bei kidogo lakini kunafunga mlango wa madai.

Sheria nazo zinategemea mtu anauzia wapi. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2013, na nchi za Umoja wa Ulaya zinampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 kubadili mawazo hata kama bidhaa haina kasoro, ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara na siyo mtu binafsi anayeuza kabati lake. Marekani hakuna haki kama hiyo kwa sheria ya taifa zima, kwa hiyo masharti ya soko husika ndiyo yanayotawala. Lakini tangu 27 Juni 2023, muuzaji wa Marekani aliyefikisha mauzo 200 ya bidhaa mpya na dola 5,000 ndani ya miezi 12 lazima soko lithibitishe jina lake, akaunti ya benki na namba ya kodi. Anayeuza kwa akaunti ya binamu yake ajue kwamba siku ya ugomvi fedha zinaweza kushikiliwa, na binamu ndiye atakayeulizwa.

Nyumbani mambo yanakwenda kwa njia nyingine kabisa. Jumia, soko la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Chukua simu inayonunuliwa na mtu wa Kitahana. Anaiona Instagram, imewekwa na winga wa Kariakoo ambaye hana duka wala hiyo simu. Mnunuzi anatuma fedha kwa M-Pesa, winga anaichukua simu kwenye duka la mtu mwingine, anaifunga, anaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito, anaipeleka stendi na kuikabidhi kwenye basi. Mnunuzi anapigiwa mzigo ukifika Kibondo. Hapo imeshapita mikononi mwa mwenye duka, winga na watu wa basi. Simu ikiwa kopi, kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake, na kwenye risiti, kama ipo, pameandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Maneno hayo ya risiti yanawatisha watu bure. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aliyeuziwa simu ya Samsung akapewa kitu kingine chenye nembo ya Samsung hakupewa alichonunua, na maandishi ya chini ya risiti hayabadilishi hilo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Shida ni umbali: ofisi za tume ziko miji mikubwa, na nauli ya kwenda kudai simu ya laki mbili inakula nusu ya simu.

Kwa hiyo kinachosaidia zaidi ni ushahidi unaotengenezwa kabla mzigo haujaondoka, na kwa upande wa simu Watanzania wanao tayari. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu feki nchini kote, kama Kenya ilivyofanya Septemba 2012. Kila mtu anaweza kubonyeza *#06#, akapata namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu linarudi na aina na modeli ya simu inayomiliki namba hiyo.

Watu wengi hufanya hivyo simu ikiwa tayari mkononi, wakati fedha imeshakwenda. Faida kubwa iko kwenye kufanya mapema. Mnunuzi wa Kitahana amwombe winga picha ya skrini yenye IMEI kabla ya kulipa, aitume namba hiyo mwenyewe 15090 akiwa palepale kijijini, na simu ikiwa bado Kariakoo. Jibu likisema Tecno wakati tangazo linasema Samsung, mazungumzo yanaishia hapo. Mzigo ukifika, afungue kwenye ofisi ya basi, mbele ya karani, alinganishe namba ya kwenye skrini, ya kwenye boksi na ile aliyotumiwa. Mafundi wahalifu wanaweza kuipachika simu feki namba ya simu halisi, kwa hiyo jibu la 15090 peke yake halitoshi. Modeli iliyotajwa lazima ifanane na kilichoshikwa mkononi, kuanzia kamera hadi ukubwa wa kioo.

Namba hiyohiyo inamlinda pia winga mwaminifu, ambaye mara nyingi husahauliwa kwenye hadithi hizi. Simu ikirudishwa Kariakoo ikiwa na IMEI tofauti na ile iliyoandikwa kwenye mazungumzo ya WhatsApp siku ya malipo, amerudishiwa simu nyingine. Kazi ambayo eBay inawalipa wakaguzi waifanye kwa viatu, kwa simu inafanywa na tarakimu 15 na ujumbe mfupi mmoja.

Bidhaa zisizo na namba ni ngumu zaidi, na kwa watu wa Kibondo bidhaa hiyo ni asali. Asali ya miombo ya Kigoma inasafiri kwenye mabegi na vifurushi hadi kwa jamaa walioko ng'ambo, na wengine wanaiuza. Mnunuzi akiona imeganda kama mafuta ya nazi wakati wa baridi, anapiga picha na kudai imewekwa sukari. Kuganda siyo kasoro. Asali halisi nyingi huganda, hasa mahali pa baridi. Kipimo cha kiberiti na kile cha glasi ya maji havithibitishi chochote. Maabara hupima vitu vingine: kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 na sukari aina ya sukrosi isizidi gramu 5 kwa kila gramu 100 kwa asali ya kawaida. Hata huko Ulaya wanakwama. Uchunguzi wa Umoja wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2023 ulikuta sampuli 147 kati ya 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje zikishukiwa kuchanganywa.

Mrina wa Kitahana anayetaka kuuza mbali ana njia ya Shirika la Viwango, TBS, na SIDO huwasaidia wajasiriamali wadogo kufika huko. Lakini hata kabla ya kupata nembo ya TBS, kuna jambo analoweza kuanza nalo msimu huu: kila mkupuo upewe namba, tarehe ya kurina iandikwe kwenye chupa, kifuniko kiwe na muhuri unaochanika, na chupa moja ya mkupuo uleule ibaki nyumbani bila kufunguliwa. Mteja wa Oslo au Dallas akileta madai, chupa mbili za namba moja zinapimwa, na ugomvi unakuwa na pa kuanzia.

Ushahidi wa aina hii una nguvu hata mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ujumbe wa kielektroniki hauwezi kukataliwa kama ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Hivyo mazungumzo ya WhatsApp, ujumbe wa M-Pesa na jibu la 15090 yote yanaweza kuwekwa mezani. Pale winga anapochukua fedha na kuzima simu, huo si ugomvi wa marejesho tena, ni utapeli: namba yake inatumwa 15040 na taarifa inaandikishwa polisi. Ujumbe uliowekwa kujifuta wenyewe baada ya saa 24 hautakuwepo siku ya kuhitajika, kwa hiyo mipangilio hiyo izimwe kabla ya biashara kuanza, na risiti ya basi ipigwe picha siku ileile, ikiwa na kilichomo na thamani yake.