Mtoto Akiugua Shuleni: Habari Ziende Upesi, Tena Ziwe Kamili

Kila muhula unapoanza, magari ya abiria katika Kenya hujaa watoto waendao shule za bweni, kila mmoja na sanduku lake la bati. Mzazi humwachia mwalimu mtoto wake kwa muda wa miezi mitatu hivi, naye mwalimu hupokea watoto mia kadhaa ambao hakuwaona walipokuwa wadogo. Watoto wakiwa wazima, jambo hili halina taabu. Lakini siku mmoja wao apatwapo na homa usiku wa manane, upungufu huonekana mara moja. Mwalimu ajua hali ya mtoto ya sasa, lakini hajui maradhi yake ya zamani. Mzazi ajua ya zamani, lakini haioni hali ya sasa. Daktari naye hawezi kufanya kazi yake vema mpaka apate yote mawili.

Katika maelezo haya tutaonyesha habari gani zapasa kupita kati ya shule na nyumba, na kwa nini kuchelewa kwake au kupunguka kwake kwaweza kumponza mtoto.

NUSU YA HABARI IKO NYUMBANI

Tutoe mfano mmoja. Tuseme kwamba kijana atoka Homa Bay, karibu na Ziwa Viktoria, naye asoma katika shule ya bweni huko Nyandarua, penye baridi nyingi na mbu wachache. Siku ya 12 tangu shule kufunguliwa aanza kuumwa na kichwa, kutetemeka na kutapika. Wenziwe wengi wana mafua kwa sababu ya baridi, basi mlezi wa bweni adhani kwamba huyu naye ana mafua. Ampa kidonge cha kutuliza homa na kumwambia alale.

Sasa mama yake angeambiwa siku ile ile, angejibu neno moja tu: "Huku kwetu kuna malaria. Tafadhali apimwe damu." Malaria haionekani siku ile mtu aumwapo na mbu. Kwa kawaida dalili zake hutokea baada ya siku 10 hata 15. Kwa hiyo mtoto aweza kuumwa na mbu nyumbani kwao, akasafiri akiwa mzima kabisa, akaugua mahali ambapo hakuna mtu anayeufikiria ugonjwa huo. Tena malaria ya aina kali isipotibiwa upesi yaweza kuzidi hata kuhatarisha maisha katika muda wa saa 24 tangu homa kuanza. Katika uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2020, watoto 19 katika kila 100 waliopimwa sehemu za ziwa walionekana kuwa na vijidudu vya malaria katika damu, hali katika nchi nzima walikuwa 6 katika kila 100. Basi kule kujua mahali mtoto alikotoka ni jambo kubwa kwa tabibu.

Jambo hili lafaa pia kutazamwa kwa upande wa pili. Mtoto wa Nyeri asomaye shule iliyo karibu na ziwa atarudi kwao wakati wa likizo, na akipatwa na homa katika majuma ya kwanza, wazazi wake wasiseme kwamba ni uchovu wa safari. Wamweleze tabibu mahali mtoto alikokuwa akisoma. Na shule, kabla ya kufunga, yapasa kuwakumbusha wazazi jambo hilo.

MANENO YALIYOPUNGUKA

Siku hizi karibu kila mzazi anayo simu ya mkono, wala hapana haja ya kungoja barua ichukuliwe na basi kama ilivyokuwa zamani. Lakini upesi wa simu si kitu ikiwa maneno yenyewe ni haba. Wazazi wengi wamepata kupokea ujumbe wa namna hii: "Mtoto wako ni mgonjwa. Njoo shuleni haraka." Mzazi apatapo maneno hayo hutetemeka. Hajui kama mtoto ana jipu au kama amezimia. Aacha kazi yake, akopa nauli, asafiri usiku kucha. Na njiani kote hana neno la kumwambia daktari wala la kumtuliza moyo.

Ujumbe mwema hutaja mambo sita: ni dalili gani zilizoonekana, zilianza lini, joto la mwili ni nyuzi ngapi, ikiwa limepimwa, ni dawa gani aliyopewa, kiasi gani na saa ngapi, sasa yuko wapi na yuko pamoja na nani, na mzazi atakiwa kufanya nini. Huu hapa ni mfano:

"Mzazi wetu, salamu. Mimi ni mwalimu wa darasa wa mtoto wako. Tangu jana saa mbili za usiku ana homa na kichwa chamwuma. Leo saa moja asubuhi joto lake lilikuwa nyuzi 39. Ametapika mara mbili. Saa hiyo hiyo alipewa kidonge kimoja cha parasetamoli. Sasa ni saa mbili, naye anapelekwa kituo cha afya pamoja na mwuguzi wa shule. Aweza kuzungumza na kunywa maji. Tafadhali tujulishe kama kuna dawa inayomdhuru au ugonjwa alionao tangu zamani. Nitakupigia simu tena saa nne."

Maneno hayo hayachukui dakika tatu kuandikwa. Angalia hasa neno la mwisho. Mzazi aliyeahidiwa habari saa nne hukaa kwa saburi mpaka saa nne. Saa hiyo ikipita kimya, wasiwasi wake huwa mkubwa kuliko mwanzo. Basi mwalimu apige simu kwa saa aliyoitaja, hata kama hana habari mpya ila kwamba mtoto angali akingoja kuonwa na tabibu.

Habari za dawa zina hatari yake pia. Parasetamoli haipasi kurudiwa kabla ya saa 4 kupita, wala isizidi mara 4 katika saa 24. Ikiwa mlezi ametoa kidonge saa nne asubuhi, na mama akamchukua mtoto adhuhuri akampa kingine bila kuuliza, tayari mtoto amepewa dawa kabla ya wakati wake. Na mambo hayo yakiendelea siku mbili tatu, dawa hiyo iliyo njema yaweza kuliharibu ini. Kwa hiyo mtoto akitolewa shuleni, apewe karatasi yenye jina la dawa, kiasi chake na saa aliyoinywa mara ya mwisho.

KABLA YA MTOTO KUUGUA

Siku ya ugonjwa si siku ya kuanza kutafuta namba ya simu. Yafaa mzazi ampelekee Mwalimu Mkuu, siku ya kwanza ya muhula, karatasi moja yenye mambo haya: namba za simu za watu wawili watu wazima, asiwe mmoja tu, ugonjwa ambao mtoto anao siku zote, dawa anazokunywa na saa zake, dawa au vyakula vinavyomdhuru, chanjo alizopata, na uandikishaji wake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tangu mwezi wa Oktoba 2024 imeshika kazi iliyokuwa ya bima ya NHIF. Mzazi akibadili namba ya simu, aieleze shule siku ile ile.

Wako wazazi wanaoficha ugonjwa wa mtoto kwa kuogopa kwamba shule itamkataa. Hofu yao yaeleweka, lakini tazama matokeo yake. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu uonekanao zaidi kwa watu wa magharibi ya Kenya na wa pwani, aweza kupatwa na maumivu makali ya mifupa baada ya kupigwa na baridi au kukosa maji ya kunywa. Mwalimu asiyejua atadhani kwamba mtoto anakwepa kazi, na huenda akampa adhabu badala ya kumpeleka hospitali. Mtoto mwenye pumu atafungiwa dawa yake ya kuvuta katika kabati la ofisi, na kumbe aihitaji saa nane za usiku. Mwenye kifafa atashikwa mikono na miguu, na kutiwa kijiko kinywani, jambo lisilofaa kabisa. Yampasa alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumwumiza, na kama mtukutiko ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali upesi. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa upande wa shule nako kuna hofu. Walimu wengine hukawia kumwambia mzazi kwa kuwa hawataki kumtia wasiwasi, au kwa kuogopa lawama, wakitumaini kwamba kesho mtoto ataamka mzima. Lakini mzazi aliyeambiwa jambo dogo likapona hatamlaumu mwalimu. Mzazi aliyefichwa jambo likawa kubwa hatasahau maisha yake yote.

SIRI YA MTOTO ILINDWE

Yako magonjwa ambayo mtoto hapendi wenziwe wayajue. Kwa mfano, mtoto mwenye virusi vya UKIMWI sharti anywe dawa zake kila siku bila kukosa. Akiona haya kuzinywa mbele ya wenzake bwenini, huenda akaziacha, na virusi vikapata nguvu. Hapo mzazi na mtoto wachague mtu mmoja wanayemwamini, kama mwuguzi wa shule au mlezi, ili dawa zikae kwake na mtoto azipate kwa faragha.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 juu ya kulinda habari za watu yahesabu habari za afya kuwa ni habari za kutunzwa kwa uangalifu mkubwa. Basi haifai kutangaza ugonjwa wa mtoto mbele ya darasa, wala katika kundi la WhatsApp la wazazi wote. Ikiwa kuna ugonjwa wa kuambukiza, wazazi waambiwe jina la ugonjwa, dalili zake na la kufanya. Jina la mtoto lisitajwe.

HOSPITALI HAINGOJI SIMU

Kupeleka habari kwa mzazi kusiwe sababu ya kuchelewesha matibabu. Mtoto aliyezimia, anayepumua kwa shida, anayetukutika, ambaye shingo yake imekakamaa pamoja na homa, au ambaye hawezi kunywa wala kuketi, apelekwe hospitali kwanza, na simu ipigwe wakiwa njiani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwalimu anayekaa ofisini akijaribu namba isiyopatikana, huku mtoto akizidiwa, amegeuza utaratibu.

HABARI ZIENDE NA KURUDI

Shule za kutwa nazo zahusika. Mtoto asipofika darasani, mzazi amwarifu mwalimu kabla ya masomo kuanza, na kama ni ugonjwa wa kuambukiza, autaje. Mwenye surua akae nyumbani mpaka siku 4 zimepita tangu vipele kutokea. Mwenye tetekuwanga akae mpaka malengelenge yote yamekauka. Na mtoto aliyekohoa zaidi ya majuma 2 apimwe kifua kikuu. Mama akinyamaza na kumpeleka mtoto darasani kwa sababu ana mtihani, huenda akawaambukiza watoto wa wenzake.

Mwezi wa Aprili 2023 Shule ya Wasichana ya Mukumu, katika Kaunti ya Kakamega, ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua, na wengine walikufa. Wataalamu wa serikali walikuta vijidudu vya magonjwa ya tumbo katika maji na chakula. Jambo kama hilo latufundisha kwamba watoto wakienda makwao kwa sababu ya ugonjwa, habari sharti ziwafuate. Mzazi aambiwe ni dalili gani za kuangalia, naye akimpeleka mtoto hospitali iliyo karibu naye, amtajie daktari shule aliyotoka na maradhi yaliyoko huko. Daktari akikosa kujua hayo, atamwona mtoto mmoja tu mwenye kuumwa tumbo, wala hatatambua kwamba kuna wengi.

Basi, enyi wazazi, kabla ya muhula ujao kuanza, andikeni karatasi ile na kuipeleka shuleni kwa mikono yenu wenyewe. Nanyi walimu, hakikisheni kwamba karatasi hizo hazifungiwi katika kabati ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja aliyekwenda mjini; mwalimu wa zamu aweze kuzifikia usiku na mchana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu peke yake hawezi kumlinda mtoto mgonjwa, wala mzazi peke yake hawezi. Lakini wakiambiana kweli na mapema, daktari atapata habari anazozihitaji kabla wakati haujapita.