Bendera ya Zefe Huozea Sandukuni

Bendera ya zefe haimalizwi na barabara. Humalizwa na sanduku, katika ile miezi kumi na mmoja ambayo hakuna anayeikumbuka. Wanafunzi wa madrasa wanapozunguka mji kwa zefe wakiimba kasida kwa matari, iwe Kipini au Lamu kwenye maulidi ya Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, kitambaa kinachowatangulia hukaa juani saa chache tu. Pamba nzuri huyahimili hayo. Isichohimili ni kukunjwa ikiwa na jasho la mbebaji na chumvi ya upepo wa bahari, kisha ikafungiwa kwenye mfuko wa nailoni.

Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini, unyevu haujawahi kuadimika. Ukungu huota ndani ya mikunjo, na mikunjo ndiyo inayokatika kwanza. Tena Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, hautulii katika msimu mmoja: kwa kalenda ya miladi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Maulidi ya 2003 yaliangukia Mei, masika yamekolea. Ya 2017 yakaangukia ukingoni mwa Novemba na Desemba. Bendera iliyodumu miaka 33 imeshapitia kusi na kaskazi, vuli na kiangazi, hata kama ilitolewa mara moja tu kwa mwaka.

Umri wake utaujuaje? Wengi hutazama rangi, na rangi hudanganya. Mimi huigeuza nikasoma mgongo. Mshono wa kawaida wa cherehani una nyuzi mbili zinazokutana ndani ya kitambaa, kwa hiyo mbele na nyuma hufanana na hatua zake zinalingana. Mkono huacha hatua fupi hapa, ndefu pale, na kila uzi ulipokwisha pana fundo au mishono miwili mitatu ya kurudia. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, kwa hiyo alama za cherehani zinaweza kukuonyesha mwaka ambao bendera haiwezi kuutangulia. Mshono wa mkono haukuonyeshi kitu: Lamu na Siyu kofia za vito zinashonwa kwa mkono hadi leo, na muuzaji wa vitu vya kale anayekwambia “ni ya mkono, basi ni kongwe” anatafuta bei. Uzi wa poliesta, kwa upande wake, hausemi uongo. Ukiukuta, ama bendera ni ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ama ilitiwa viraka baadaye.

Maandishi huwekwa kwa darizi, uzi juu ya kitambaa, au kwa herufi zilizokatwa katika kitambaa cha rangi nyingine, kingo zikakunjwa ndani na kushonewa juu ya bendera. Njia hii ya pili ndiyo iliyotumika kwenye bendera za wafuasi wa Mahdi wa Sudan katika miaka ya 1880 na 1890, ambazo baadhi zimo katika makumbusho ya Uingereza. Naipenda zaidi kwa kitu cha kubebwa. Herufi husomeka kutoka mbali, na ikichakaa moja hufumuliwa ikashonwa nyingine. Ustadi uangalie kwenye tundu la mim au la waw: kukunja ukingo wa ndani wa duara dogo bila kitambaa kufumuka ni kazi ya mkono uliokomaa.

Halafu kuna marashi. Mrashi ukipitishwa wakati wa kiyamu, matone huifikia bendera pia, hukauka, na kuacha pete za kahawia, hasa kwenye hariri. Udi nao huacha masizi. Siwezi kumwambia mtu asome maulidi bila marashi wala udi, ila bendera kongwe isimame mbali kidogo na chetezo.

Kuifua ni hatari kubwa kuliko uchafu wenyewe, kwani rangi nyekundu na nyeusi zinaweza kuchuja zikaharibu nyeupe kwa dakika moja. Ipanguse vumbi kwa brashi laini. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha iviringishe, usiikunje, kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa bafta nyeupe iliyofuliwa. Pindo linalopitishwa mti ndilo huraruka mapema; liwekee kitambaa cha pamba kwa nyuma na ulishone kwa uzi wa pamba. Poliesta ni ngumu mno, hukata nyuzi kongwe kama mshipi unavyokata kiganja cha mvuvi. Gundi usiitaje.

Sheria haitakusaidia sana. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 huhesabu kuwa cha kale kifaa kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Milango ya nakshi ilipendelewa, ikapewa mpaka wa 1946. Bendera iliyoshonwa 1930 haina kinga hiyo, isipokuwa Waziri aitangaze kwenye gazeti rasmi la serikali, na katika hali ya hewa ya pwani ni chache zinazoweza kuwa za kabla ya 1895.

Basi aliye na bendera kuukuu ya madrasa au ya msikiti asingoje Waziri. Aipige picha mbele na nyuma, aandike jina la aliyeishona maadamu wangali hai wanaolikumbuka, na nakala aipeleke Makumbusho ya Lamu.