Kumtegemea Mungu hakukukatazi kuuliza: namna ya kutafuta hekima kabla ya kuamua

Kila siku familia za Nyakitonto na vijiji vya jirani zinafanya maamuzi mazito. Mtoto ana homa usiku: tusubiri kuche au tutafute bodaboda ya kutupeleka zahanati? Mahindi tuuze sasa au tungoje bei ipande? Tukope kwenye kikundi au tuvumilie?

Kwa Mkristo kuna swali jingine juu ya hayo: Mungu anataka nifanye nini? Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wapo wanaosema kwamba ukishaombewa kisha ukaenda hospitali, au ukishaomba kisha ukamuuliza bwana shamba, basi huna imani. Makala haya yanaeleza Biblia inasema nini kuhusu hekima, na yaliyotokea Afrika Mashariki pale watu walipoambiwa kwamba imani haihitaji maswali.

Hekima inayoombwa ni ipi?

Mstari unaotajwa sana ni Mithali 3:5, unaotuambia tumtumaini Bwana kwa moyo wote na tusitegemee akili zetu wenyewe. Wapo wanaouelewa kwamba akili haina kazi. Lakini kitabu hichohicho, katika sura ya 6, kinamtuma mvivu akajifunze kwa chungu, na katika 11:14 kinasema penye washauri wengi pana usalama. Kwa hiyo kutoitegemea akili yako ni pamoja na kukubali kwamba hujui yote, ukauliza wanaojua.

Naye Yakobo, katika 1:5, anasema aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu naye atapewa. Angalia anayepewa ni nani: ni wewe uliyeomba. Hakuna ahadi hapo kwamba mtu mwingine atapewa hekima ili akuamulie maisha yako yote.

Mfano mzuri ni mfalme Sulemani. Katika 1 Wafalme sura ya 3 aliomba hekima akapewa. Mara baada ya hapo wakaja wanawake wawili wakigombea mtoto mmoja. Hakuoneshwa katika ndoto mama halisi ni yupi. Aliwasikiliza wote wawili, akatoa jaribio, akatazama nani anamhurumia mtoto. Hekima aliyopewa na Mungu ilionekana katika namna alivyochunguza.

Sala na dawa katika sura moja

Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Habari hiyo imo katika 2 Wafalme sura ya 20 na Isaya sura ya 38. Nabii Isaya, aliyeleta habari njema hiyo, ndiye pia aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme. Sala ilijibiwa na dawa ikatumika, na hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba hana imani.

Wasomaji Wakatoliki wanaweza kufungua kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Kinafundisha kwamba tabibu aheshimiwe na kwamba dawa zimetoka kwa Mungu, na kinamwambia mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi.

Kwetu jambo hili si geni. Hospitali ya Kabanga hapa Kasulu ni ya Kanisa Katoliki. Hospitali ya Heri kule Buhigwe ni ya Waadventista Wasabato. Makanisa yaliyotuhubiria Injili ndiyo yaliyojenga wodi na kuleta wauguzi. Kama kutibiwa kungekuwa kukosa imani, wasingejenga.

Kikombe cha Loliondo

Wengi mnakumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alitangaza kwamba Mungu alimwonesha katika ndoto dawa ya mti inayoponya magonjwa sugu, yakiwemo UKIMWI, kisukari na saratani. Alitoa kikombe kimoja kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro. Maelfu walikwenda, wakiwemo viongozi na watu wa nchi jirani. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani wakingoja zamu. Mwezi Machi mwaka huo yeye mwenyewe aliomba watu wapya wasiende kwanza, hadi foleni ipungue. Masapila alifariki Julai 2021.

Shilingi 500 si bei ya tapeli, na ndiyo maana watu waliamini. Lakini bei ndogo na nia njema si kipimo cha tiba. Haijathibitishwa kwa vipimo vya kitabibu kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI au kisukari. Walioumia zaidi ni wale walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Mtu anayetumia ARV akiacha, virusi huanza tena kuongezeka mwilini, hata kama kwa muda anajisikia mzima.

Moshi na Shakahola

Tarehe 1 Februari 2020, katika mkutano wa mhubiri Boniface Mwamposa mjini Moshi, watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Walikanyagana, na watu 20 walikufa. Wengi walikwenda na shida za kweli: ugonjwa, biashara mbovu, ndoa. Walichokosa ni nafasi ya kusimama na kujiuliza kama baraka ya Mungu ni kitu cha kugombania mlangoni.

Lililotisha zaidi lilitokea Kenya. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto. Ni ya watu waliodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani na akakana mashtaka.

Matukio haya matatu hayalingani kwa uzito. Loliondo palikuwa na mzee aliyeitwa mnyenyekevu, Moshi palikuwa na msongamano, Shakahola palikuwa na vifo vya mamia. Yanafanana katika jambo moja: watu wengi walimwachia mtu mmoja kazi ya kupambanua, nao wakaacha kuchunguza.

Maswali matano kabla ya kuamua

Mtume Paulo, katika 1 Wathesalonike 5:21, anawaambia waumini wapime mambo yote na washike lililo jema. Nao watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, wanasifiwa kwa sababu walichunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyahubiri Paulo ni kweli. Ikiwa Mtume Paulo alichunguzwa, hakuna mhubiri wa leo aliye juu ya kuchunguzwa. Jiulize haya:

1. Je, naruhusiwa kuuliza? Anayekasirika ukimuuliza, au anayesema swali lako ni la shetani, mwogope.

2. Je, ninaambiwa niache dawa, chakula, shule au familia yangu? Ukiambiwa hivyo, simama hapo kwanza.

3. Je, ninaharakishwa? Jambo la Mungu linaweza kusubiri ukazungumze na mwenza wako, wazazi wako au mzee wa kanisa. Lakini ugonjwa wa ghafla hausubiri kikao: mgonjwa apelekwe kwanza.

4. Je, gharama nimeipiga hesabu? Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, anatoa mfano wa mtu anayekaa chini na kuhesabu kabla ya kujenga mnara. Usiuze shamba au ng'ombe kwa ajili ya ahadi ambayo hujaipima.

5. Je, wanaolijua jambo hili wanasemaje? Kwa afya ni mganga wa zahanati, kwa mbegu ni bwana shamba, kwa mkopo ni aliyewahi kukopa akalipa.

Ukishaombewa na ukajisikia nafuu

Mshukuru Mungu, kisha rudi zahanati ukapime. Yesu alipowaponya wenye ukoma, katika Luka 17, aliwatuma wakajioneshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio waliothibitisha kwamba mtu amepona. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Kama unatumia dawa za UKIMWI, kifua kikuu, kisukari au presha, usiziache mpaka mtaalamu akuambie. Dawa za ARV na za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Na kwa wazazi: mtoto mwenye homa anayepata degedege, anayetapika kila kitu, au anayeshindwa kunyonya au kunywa, apelekwe kituo cha afya wakati huohuo, hata kama ni usiku. Nehemia na wenzake walipotishiwa na adui, walimwomba Mungu na pia wakaweka walinzi mchana na usiku. Nawe mwombee mtoto wako njiani, huku bodaboda inakwenda.