Amani nayo husomewa: Kwa nini ushiriki wa wananchi ni nusu ya somo hilo vyuoni

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KWA Mtanzania wa kawaida, neno amani huambatana na hotuba. Hutajwa na viongozi wa serikali majukwaani, huombewa misikitini na makanisani, na hutangazwa kwa nguvu zaidi kila unapokaribia uchaguzi. Ni nadra mno kusikia ikizungumzwa kama somo lenye mbinu, mazoezi na mitihani yake, mithili ya uhasibu au ufundi wa umeme.

Ndiyo maana mzazi wa Nyakato, eneo lililo kando ya barabara kuu iendayo Musoma, ataelewa haraka kijana wake akimwambia kwamba anakwenda kujifunza uchomeleaji katika chuo cha VETA kilicho jirani. Kijana huyo huyo akisema anataka kusomea ujenzi wa amani, ushiriki wa raia na mabadiliko ya kijamii, swali la kwanza litakuwa moja tu: hiyo ni kazi gani?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu.

Somo lilikoanzia

Elimu ya amani katika ngazi ya chuo ilichipuka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1948, Chuo cha Manchester kilichopo Indiana, Marekani, kilianzisha programu ya shahada ya kwanza katika fani hiyo. Mwaka 1959, Johan Galtung wa Norway aliongoza uanzishwaji wa taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo, na mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Bradford nchini Uingereza kikafungua idara kamili. Umoja wa Mataifa nao ulianzisha Chuo Kikuu cha Amani nchini Costa Rica mwaka 1980.

Katika eneo letu, Rwanda ilianzisha kituo cha elimu na utafiti wa migogoro katika chuo kikuu chake cha taifa mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari. Jijini Nairobi, Chuo cha Hekima kilianzisha taasisi ya masomo ya amani na uhusiano wa kimataifa mwaka 2004.

Galtung, aliyefariki dunia mwaka 2024, ndiye aliyeipa taaluma hiyo tofauti ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana nayo. Katika makala yake ya mwaka 1969 alieleza kwamba kuna amani hasi, ambayo ni kukosekana kwa mapigano tu, na kuna amani chanya, ambayo ni kuwapo kwa haki na mifumo inayomwezesha kila mtu kuishi maisha yanayostahili. Mtaa unaweza kuwa kimya kwa sababu wakazi wake wameridhika. Unaweza pia kuwa kimya kwa sababu wakazi wake wanaogopa. Kwa mpita njia, mitaa hiyo miwili inafanana. Kazi ya msomi wa amani ni kuitofautisha.

Mwanza si mgeni

Itakumbukwa kuwa mkoa huu una historia ndefu ya elimu ya mabadiliko ya kijamii. Mwaka 1960, Kanisa Katoliki chini ya Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza lilifungua kituo cha mafunzo ya jamii Nyegezi, kilichofundisha ustawi wa jamii, uhasibu, uandishi wa habari na fani nyinginezo. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru, na kulikuwa na uhaba mkubwa wa Waafrika walioandaliwa kuendesha shughuli za umma. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998.

Kwa upande wa serikali, mwaka 1975 vilianza kufunguliwa vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa msaada wa Sweden na kwa kufuata mfano wa shule za watu wazima za nchi hiyo. Sengerema, ng'ambo ya ghuba, ina chuo cha aina hiyo. Misungwi nako, katika barabara ya kwenda Shinyanga, kuna taasisi inayoandaa maofisa maendeleo ya jamii.

Nyingi ya taasisi hizo hazina neno amani katika majina yao. Hata hivyo, mada zinazohusika hupatikana ndani ya sosholojia, sheria, sayansi ya siasa na maendeleo ya jamii. Hivyo basi, mwanafunzi anayelitafuta somo hili nchini asiishie kusoma jina la shahada, bali apitie orodha ya kozi zilizomo.

Funzo la mazungumzo ya 1996

Kuna tukio moja la Mwanza linalofaa kufundishwa katika kila darasa la fani hii. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1996, Mwalimu Julius Nyerere aliwakutanisha jijini hapa wajumbe wa vyama viwili vikubwa vya Burundi, FRODEBU na UPRONA, kujaribu kuizuia nchi hiyo isizidi kuzama katika vita. Mazungumzo hayo hayakuzaa mapatano. Julai 25 mwaka huo, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi.

Mazungumzo yalipoanza upya Arusha mwaka 1998, meza ilipanuliwa hadi kufikia pande 19. Ziliundwa kamati zilizojadili chimbuko la mgogoro, demokrasia na utawala bora, usalama, na ujenzi mpya wa uchumi. Mwalimu alifariki dunia Oktoba 1999, Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo, na mkataba ukatiwa saini Agosti 28, 2000.

Pamoja na hayo, vita haikukoma siku hiyo. Makundi makuu yenye silaha hayakuwa sehemu ya mkataba. Ilibidi kundi la CNDD-FDD lifikie makubaliano yake mwaka 2003, na FNL isaini kusitisha mapigano jijini Dar es Salaam mwaka 2006. Kila aliyeachwa nje ya chumba alilazimika kufuatwa baadaye, na miaka ya kumfuata ililipwa kwa damu.

Hapo ndipo ilipo hoja kuu ya taaluma hii. Ushiriki ni sehemu ya amani yenyewe, si pambo linaloongezwa baada ya amani kupatikana. Makubaliano yasiyowahusisha wanaoumia huahirisha mgogoro tu.

Kutoka Burundi hadi barabarani

Msomaji anaweza kudhani kuwa mambo hayo ni ya mabalozi na majenerali. La hasha. Desemba 2016, mamlaka za Mwanza ziliwaondoa wafanyabiashara ndogondogo, maarufu kama machinga, katikati ya jiji. Rais John Magufuli aliagiza zoezi hilo lisitishwe. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, machinga wa miji mbalimbali nchini waliondolewa tena kandokando ya barabara na kupangiwa maeneo mengine. Katika miaka mitano amri zilikwenda na kurudi, na swali la msingi likabaki pale pale.

Mwanafunzi wa utatuzi wa migogoro hufundishwa kuanza kwa kutenganisha msimamo na haja. Msimamo wa machinga ni "hatuondoki". Haja yake ni kuwa pale wanapopita wateja. Msimamo wa halmashauri ni "ondokeni". Haja yake ni usafi, mpangilio na mapato. Mwenye duka anayelipa kodi ya pango anataka mlango wake uonekane na ushindani uwe wa haki. Mwenda kwa miguu anataka njia. Misimamo hiyo haipatani, lakini haja nyingi kati ya hizo zinaweza kupangiwa pamoja, ilimradi wahusika wote wakae meza moja kabla ya tingatinga kufika.

Somo hilo linafundisha pia kutilia shaka suluhisho linalopendwa na wengi. Sungusungu, walioibuka miaka ya mwanzo ya 1980 katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi, walipunguza wizi wa mifugo pale ambapo polisi walikuwa mbali, na mwaka 1989 sheria iliwatambua. Ulikuwa ushiriki wa kweli wa wananchi. Lakini mikutano hiyo hiyo, hasa katika siku zake za awali, iliwageukia watu waliotuhumiwa kwa uchawi, wengi wao wanawake wazee wasio na wa kuwatetea. Kwa maana hiyo, ushiriki bila ulinzi wa haki za wachache unaweza kuwa chombo cha dhuluma. Msomi wa amani anatakiwa kuuona upande wa manufaa na upande wa madhara kwa pamoja.

Mhitimu hufanya nini?

Kwa muhtasari, mwanafunzi hujifunza kuchambua mgogoro, kusuluhisha, kuendesha mikutano ya watu wenye hasira, kufanya utafiti wa kijamii, kusoma sheria na bajeti, na kufuatilia kama makubaliano yanatekelezwa. Kozi iliyo bora humtoa darasani kwa mazoezi katika kata na vijiji. Wahitimu huajiriwa katika idara za maendeleo ya jamii za halmashauri, asasi za kiraia, mashirika ya kimataifa, taasisi za dini na vyombo vya habari.

Mahitaji yapo hata ngazi ya chini kabisa. Mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yao katika migogoro ya ardhi imebaki kusuluhisha, si kutoa hukumu. Usuluhishi ni ujuzi. Mjumbe asiyefundishwa kusikiliza pande mbili bila kuegemea moja anaweza kugeuza mzozo wa mpaka wa kiwanja kuwa uhasama wa vizazi.

Hata hivyo, fani hii ina udhaifu wake. Sehemu ya ajira zake hutegemea fedha za wafadhili, ambazo huja na kuondoka. Wapo pia walioigeuza kuwa mlolongo wa semina, posho na ripoti zisizosomwa na mtu. Mzazi anapaswa kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa ada: je, chuo na programu vinatambuliwa na TCU au NACTVET? Je, mazoezi ya kazi yanafanyika wapi na kwa muda gani? Na je, kijana atapata ujuzi mwingine unaopimika, kama vile takwimu, sheria au uhasibu, utakaomwezesha kuajirika nje ya miradi?

Mtihani uliopo nje ya darasa

Umuhimu wa somo hili ulionekana kwa uchungu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Maandamano na ghasia ziliibuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na miji mingine. Watu waliuawa, mali ziliharibiwa, na huduma ya intaneti ikazimwa nchini. Novemba mwaka huo, Rais Samia aliunda tume ya uchunguzi chini ya uenyekiti wa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Nchi iliyozoea kuitwa kisiwa cha amani ilijikuta ikijiuliza hasira hiyo ilitoka wapi. Kwa aliyesoma fani hii, njia ya kulitafuta jibu inajulikana. Ataanza kwa kuuliza ni nani hakuwa na pa kusemea, na kwa muda gani. Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kwamba mamlaka yote ya serikali yanatoka kwa wananchi, na ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi. Haki hizo zikibanwa, kinachobaki ni ile amani hasi aliyoieleza Galtung, na amani ya namna hiyo haitoi taarifa kabla ya kuvunjika.

Kwa muktadha huo, vyuo vyenyewe navyo vina mtihani. Haviwezi kufundisha ushiriki wa raia huku mwanafunzi akiogopa kuuliza swali darasani au kuchagua serikali ya wanafunzi kwa uhuru. Aidha, haitoshi kumfundisha kijana kuwatuliza watu bila kumfundisha kutafuta kilichowakasirisha.

Kwa mkazi wa Nyakato, darasa la karibu zaidi ni mkutano wa mtaa wake: nani anaitwa, nani anapewa nafasi ya kusema, na nani husoma hesabu za michango ya maji, ulinzi au madarasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika mara ya mwisho Novemba 27, 2024, lakini kazi ya kuwahoji waliochaguliwa haisubiri miaka mitano.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana anayeomba kusomea amani anaomba kufundishwa kuuona ufa ungali mdogo. Mzazi amuulize maswali yote ya ada na ajira, kisha amsikilize.